Mkunde Unaye Mkwezi Wake

Leo nataka kusema nanyi habari za mbolea ya kunde, choroko, mbaazi na njugu. Nasema hasa na wale wenye vijishamba pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Mabwepande na Bunju katika Kinondoni, na Chamazi na Toangoma katika Temeke. Huko udongo ni wa mchanga mahali pengi, na kila mwenye shamba hujiuliza autie nini ili umlishe yeye na watoto wake.

Jirani yangu mmoja, mtu wa bidii, alipanda kunde nyuma ya nyumba yake. Miche ilipokuwa midogo aliona majani yana manjano kidogo, akaingiwa na hofu. Akachukua fedha alizoweka kwa ajili ya madaftari ya watoto, akaenda dukani, akanunua urea, akaitia shambani. Baada ya siku chache kunde zikawa za kijani kibichi, zikatambaa pande zote, na wapita njia wakamsifu. Walakini ulipofika wakati wa kuchuma alikuta majani tele na maganda machache. Akaja kwangu, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosa nini?" Nikamjibu, "Hukukosa bidii, ndugu yangu. Umenunua madafu sokoni, na nyumbani unaye mkwezi."

Maana ya maneno hayo ni hii. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni nitrojeni, nayo ndiyo chakula kikubwa cha mimea. Lakini mmea wa mahindi hauwezi kuitwaa hewani. Ni kama mtoto aliyesimama chini ya mnazi mrefu: madafu ayaona, mkono haufiki. Mkunde ni tofauti, kwa kuwa unaye mkwezi. Katika mizizi yake hukaa vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Hivyo hujijengea vinundu, huitwaa nitrojeni ya hewa, na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Nao mmea huvilipa ujira kwa sukari inayotengenezwa na majani.

Wakulima wa kale walijua kwamba nafaka hustawi mahali palipokuwa na kunde, ila sababu hawakuijua. Iligunduliwa na Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, mwaka 1886. Mwaka 1909 Mjerumani mwingine, Fritz Haber, alionyesha jinsi ya kuikamata nitrojeni ya hewa kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na urea ya dukani asili yake ni kazi hiyo. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Lakini kiwanda hicho hula gesi au makaa mengi, na kwa hiyo nishati ikipanda bei, mbolea nayo hupanda. Mwaka 2022 tuliliona jambo hilo, hata Serikali ikaanza kutoa ruzuku ya mbolea kwa msimu wa 2022/2023.

Basi, mtu akiutilia mkunde urea nyingi, hutokea nini? Mmea huona madafu yamekwisha kuwekwa chini, nao humwachisha mkwezi kazi. Vinundu huwa vichache, majani huongezeka, na mbegu hupungua. Tena, katika udongo wa mchanga mvua kubwa ya masika huchukua sehemu ya mbolea hiyo na kuizamisha chini, mizizi isiipate. Ndiyo hasara ya jirani yangu. Yale manjano aliyoyaona yalikuwa ya siku za kwanza tu, kabla mkwezi hajaanza kazi.

Ukitaka kujua kama wako anafanya kazi, fanya hivi. Kunde zinapoanza kutoa maua, chimbua mche mmoja kwa jembe taratibu, wala usiuvute kwa nguvu, maana vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, hakifanyi kazi.

Mtu ataniuliza, "Je, tusitie kitu chochote?" La, sivyo. Mkwezi naye ataka nyumba njema. Mchanga mtupu haushiki maji, na tena kunde zahitaji fosforasi, isiyopatikana hewani. Hapo ndipo samadi ifaapo, kwa kuwa hushikisha udongo maji, na samadi ya kuku ina fosforasi pia. Wafugaji wa kuku wamejaa katika vitongoji vyetu, na wengi huona taabu kuyaondoa maranda yaliyochanganyika na kinyesi.

Lakini samadi mbichi huunguza miche, na yaweza kuleta maradhi. Iozesheni kwanza. Chini ya kivuli wekeni tabaka la majani makavu, kisha tabaka la samadi, kisha majani tena, hata lundo lifike kiunoni. Nyunyizeni maji, lifunikeni, na kuligeuza kila baada ya majuma mawili. Msitie majivu mengi, maana huifukuza nitrojeni, wala msitie plastiki, chupa au betri. Baada ya miezi kama mitatu lundo likiwa jeusi, limepoa na lanukia udongo, hiyo ni mboji. Kwa tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, nusu debe hata debe moja yatosha. Msizidishe, kwa kuwa samadi nyingi nayo humlaza mkwezi.

Mkiisha kuvuna, kateni mashina na kuiacha mizizi ardhini ioze, wala msichome majani, maana nitrojeni yake hutoka pamoja na moshi. Msimu ufuatao pandeni mahindi au mchicha hapo, navyo vitapata sehemu ya masazo.

Siilaumu mbolea ya dukani. Mahindi na mpunga havina mkwezi, navyo huenda vikaihitaji. Nasema tu kwamba kuinunulia kunde nitrojeni ni kutupa fedha. Jirani yangu msimu wa pili alitia mboji ya maranda ya kuku, akachuma kunde za kula na za kuuza. Na madaftari ya watoto yalinunuliwa kabla shule haijafunguliwa.

Kwaherini, na mvua njema.