Sherehe ya Kristo Mfalme: Katika Ikulu ya Mengo



Injili ya leo, Mwaka B, yatuingiza katika ikulu ya Pilato. Nami siisomi bila kukumbuka ikulu nyingine, niliyoizuru pamoja na waamini wa Mkula tulipokwenda kuhiji Namugongo: Lubiri ya Mengo, mjini Kampala, makao ya Kabaka wa Buganda.

Tarehe 24 Mei 1966, kwa amri ya Milton Obote, askari walioongozwa na Idi Amin waliivamia. Kabaka Mutesa wa Pili alitoroka, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Ikulu ikageuzwa kambi ya jeshi, na Amin alipotwaa nchi mwaka 1971, yote yakawa mikononi mwake. Ufalme ulirejeshwa mwaka 1993.

Kasri lenyewe, Twekobe, ni jengo zuri, tulilipita upesi. Kwa maana ndani ya ua ule ule limo ghala la silaha lililochimbwa ubavuni mwa kilima, vyumba vya zege visivyo na dirisha. Humo askari wa Amin walifungia watu. Mwongozaji alitueleza kwamba ujia ulijazwa maji, na maji yakatiwa umeme, asithubutu mtu kutoka. Kutani zimebaki alama za viganja, na maandishi ya waliongojea kufa.

Sisi Watanzania tulimwita Amin nduli, na jina lilimstahili. Majeshi yetu yalipoiteka Kampala, Aprili 1979, nilikuwa mtoto, nami nilishangilia. Hata pale Mengo wenzangu walilitaja jina hilo moja tu, mpaka mama mmoja mzee akaniuliza: "Baba, ni Amin aliyekuwa akiufunga mlango huu kila siku?"

Sivyo. Aliufunga kijana mwenye mshahara na mama yake nyumbani, pengine kijana aliyebatizwa. Pilato naye hakupigilia msumari hata mmoja.

Ndugu zangu, katika Usukuma wetu vikongwe wameuawa kwa mapanga, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Hapakuwa na nduli aliyetoa amri. Mara nyingi muuaji alikodiwa kutoka mbali, asiijue njia. Mtu wa kijijini alimwonyesha nyumba ya bibi, akarudi kwake kulala, na Jumapili iliyofuata huenda aliketi kanisani pamoja nasi.