Mvua Ikifunga Barabara, Hufunga na Anga



Leo tunazungumza juu ya ndege ndogo. Pengine mtasema, "Sisi wafugaji, ndege yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Novemba 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Madogo. Barabara ikikatika, mama aliyeshindwa kujifungua hutazamia ndege. Lakini mvua ile ile iliyofunga barabara ndiyo inayomfungia rubani macho.

Tukumbuke jirani zetu wa Marsabit. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi ilikwenda huko na watu 17, safari ya kupatanisha jamii baada ya mauaji ya Turbi ya 2005. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikagonga mlima ikijaribu kutua. Watu 14 walikufa, wakiwamo wabunge watano, mmoja wao Dkt. Bonaya Godana, na Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana. Tena tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare katika mawingu. Wote 10 wakafa.

Mlima ukifichika, rubani huweza kuugonga ndege ikiwa nzima kabisa. Na hata pasipo mlima, kama hapa kwetu, wingu au vumbi humpoteza. Asipoona ardhi, mwili humdanganya: ahisi yuko sawa, kumbe ndege inageuka na kushuka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu watu 20 wasiofunzwa kuongoza ndege kwa kutazama vipimo tu. Wote 20 walishindwa, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu!

Basi, sisi tufanye nini?

1. Tukiulizwa kwa simu au redio, tuseme ukweli. Tusiseme "kuko sawa tu" ati ndege ije. Tuchague alama ambazo umbali wake unajulikana, kama mnara au kilima, tueleze ipi inaonekana na ipi imefichika.

2. Tusimsukume rubani. "Mwenzako alitua jana" si neno la kumwambia mtu anayetazama wingu.

3. Baada ya mvua tutembee uwanja mzima, tutazame matope na mashimo, tuondoe mbuzi.

4. Mama mwenye shida ya mimba afikishwe karibu na hospitali kabla mvua hazijaanza. Kikundi kiweke akiba ya nauli.

Rubani akigeuka njiani, tusimlaumu. Akirudi salama, hewa ikifunguka atakuja tena.

Mjadiliane kikundini: Kwetu, nani hujibu akiulizwa hali ya hewa? Na akiba yetu ingemfikisha nani hospitali leo?