Kipimo cha Jeni Si Hukumu

Mwaka 1937 Hulusi Behçet, daktari wa Uturuki, alieleza ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, mishipa ya damu ikavimba. Vidonda vya mdomoni na sehemu za siri hujirudia, na macho huweza kupofuka.

Jeni ya kinga iitwayo HLA-B51 huongeza uwezekano wa kuugua. Hata hivyo, wengi walio nayo hawaugui kamwe, na baadhi ya wagonjwa hawana jeni hiyo. Daktari huutambua ugonjwa kwa dalili zake.

Basi, anayekuuzia kipimo cha jeni kwa ahadi ya kukutabiria ugonjwa anakuuzia hofu. Vidonda vikijirudia, au jicho likiuma na kuwa jekundu, mwone daktari mapema.