Majira ya Pange

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Wengi wetu twashinda mezani na kalamu, lakini akiba ya mishahara yetu i malishoni, kwa ng'ombe na ngamia tuliowaachia wazee wetu. Kwa hiyo yatupasa kumjua pange, nzi yule mkubwa aumaye mchana wa jua kali.

Pange haji kwa bahati. Jike hutaga mayai juu ya majani yaliyoinamia maji. Mabuu huanguka, wakakaa topeni miezi mingi. Mvua ilowashapo nchi, pange hutokea kwa wingi. Kiangazi kikikausha mabwawa, hupungua. Dume hunyonya utamu wa maua. Jike ndiye atafutaye damu, ili mayai yake yapate kupevuka.

Hasara yake si maumivu tu. Mwaka 1880, huko Punjab katika Bara Hindi, Griffith Evans aliona katika damu ya farasi na ngamia vijidudu vya ugonjwa uitwao surra. Ugonjwa huo huwapata ngamia wa kaskazini ya Kenya pia, nao huzidi pange wanapozidi. Ngamia asiyetibiwa hukonda, maziwa hukauka, mimba huharibika, na mwisho aweza kufa. Njia yake ni hii: pange huuma kwa uchungu, mnyama humfukuza kabla hajashiba, naye huruka na damu mbichi mdomoni akamwume mwingine. Vijidudu havidumu mdomoni mwake. Basi aliye karibu ndiye aliye hatarini.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, mvua ikaribiapo, mifugo iondolewe mabondeni na kandokando ya maji, ipelekwe nyanda kavu zenye upepo. Pili, mnyama mgonjwa atengwe na wenziwe hatua hamsini au zaidi, kwani pange asiyeona mwingine karibu humrudia yule yule. Tena bwana mifugo aitwe upesi. Tatu, tupelekapo fedha nyumbani, tuandike na barua kueleza haya, ifike kabla ya mawingu. Fedha ifikayo baada ya mvua hununua dawa, kama mnyama angali hai. Barua ifikayo mapema yaweza kumwokoa bila gharama.