Pembezoni mwa barabara ni pa nani?

Msikilizaji, kutoka Bunda hadi Makutano, pale njia ya Musoma inapoachana na ya Sirari, pembezoni mwa lami pana wenyewe. Alama ya X ambayo TANROADS, wakala wa barabara kuu, huichora kwenye majengo tunaijua. Nyekundu ni ya aliyeingia hifadhi ya barabara kinyume cha sheria. Huyo hana fidia. Kijani ni ya yule aliyefuatwa na barabara, baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 kusogeza mpaka kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Huyo haombi fadhila, anadai haki yake.

Lakini hifadhi hiyo pia ni njia ya watu. Hapo hupita mwanafunzi na begi lake, mfugaji na ng'ombe wake. Kibanda cha chipsi kikishavuka mtaro, na bodaboda zikaegeshwa mbele yake, mtoto hushuka kwenye lami huku basi la Mwanza likija nyuma yake kwa kasi. Hapo ndipo roho zinapopotea.

Kubomoa peke yake hakutoshi. Mama anayeuza samaki atarudi kesho, kwa sababu wateja wanapita barabarani. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zimtengee eneo karibu na kituo cha mabasi, siyo porini. Na TARURA, kwenye barabara za wilaya, wafyeke nyasi zinazomficha mtoto.

Nawe ndugu mwenye kibanda, rudisha meza yako nyuma ya mtaro leo.