Alama Moja Kila Mwezi: Baridi Yabisi na Utaratibu wa Kuitibu

Mtu akihadithia tiba ya baridi yabisi, kwa kawaida huhadithia dawa. Huanza na kotisoni, ambayo Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic walimpa mgonjwa wa kwanza mwaka 1948. Hupitia methotreksati, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Humalizia na dawa za kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe. Yote ni kweli. Ila kuna maswali yanayoachwa, nami nayaona makubwa zaidi kwa hospitali zetu: mgonjwa anaonwa mara ngapi, anapimwa nini, na ni nini kinachomlazimisha daktari kukiri kwamba dawa haitoshi.

Ushahidi ninaouegemea ni jaribio la TICORA la Glasgow, lililochapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 111 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu, kama ilivyokuwa desturi. La pili lilihudhuria kila mwezi: daktari akibonyeza kiungo kimoja kimoja, akihesabu vilivyovimba na vinavyouma, akisoma kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu za damu, akimuuliza mgonjwa anajionaje, kisha yote yakageuzwa kuwa alama moja. Alama ikizidi 2.4, tiba ilipandishwa kwa kufuata mwongozo uliokwisha kuandikwa, na viungo vilivyovimba vikachomwa sindano za steroidi. Baada ya miezi 18 ugonjwa ulikuwa umetulia kwa asilimia 65 ya kundi la pili, na asilimia 16 tu ya lile la kwanza. Dawa zilikuwa zilezile za zamani.

Itasemwa kwamba kundi la pili lilipata nafuu kwa kupewa dawa nyingi zaidi, si kwa kuhesabiwa viungo. Ni kweli lilipewa nyingi zaidi. Lakini kabati lilikuwa wazi kwa makundi yote mawili. Kilichozitoa dawa ni ile alama, isiyomwachia daktari mwenye foleni ndefu mlangoni nafasi ya kuandika “aendelee hivyohivyo”. Wengine watauliza kama tunawanyima wagonjwa dawa za kisasa. Jaribio la RACAT la mwaka 2013 lilichukua wagonjwa 353 ambao methotreksati haikuwatosha: kuongezewa sulfasalazini na hidroksiklorokwini hakukuwa duni kuliko kuongezewa etanasepti, dawa ya kuzuia TNF yenye bei kubwa mno. Na dawa za kuzuia TNF huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, jambo lisilo dogo kwetu.

Pingamizi ninaloliheshimu hasa ni la nauli. Mgonjwa wa wilaya ya mbali kama Kakonko hawezi kufika hospitali ya rufaa kila mwezi, na mabingwa ni wachache. Lakini kuhesabu viungo hakuhitaji bingwa. Tabibu au muuguzi wa wilaya hufundishika, na hatua za kupandisha dozi zikishaandikwa, bingwa hubakiwa na wagonjwa wagumu. Kisichokubali kulegezwa ni usalama. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku kwa kukosea, huweza kuua. Basi siku yenyewe, tuseme Jumatatu, iandikwe kwa maneno kwenye bahasha ya dawa, asidi ya foliki ipangiwe siku nyingine, na damu na ini vipimwe kabla dozi haijaguswa.