Usimchape punda aliyechoka



Juma hili napenda tuzungumzie jambo linalowasumbua vijana wengi wa mijini, na wazazi wao pia, maana mara nyingi wao ndio watoao fedha. Nazungumzia kompyuta za mapajani zinazouzwa kwa ajili ya michezo. Kijana hununua mashine kwa fedha inayokaribia bei ya pikipiki mpya. Anafungua mchezo, na dakika kumi za kwanza picha zinatiririka kama maji. Baada ya hapo zinaanza kukwamakwama, feni zinavuma kama mashine ya kusaga, na ukigusa juu ya kibodi unatoa mkono upesi.

Hapo ndipo anapojitokeza mjuzi wa mtaani na dawa yake moja: ikaze mwendo! Maana yake ni kuiamuru kadi ya picha ipige mapigo mengi zaidi kwa sekunde kuliko kiwango alichokiweka mtengenezaji. Programu ya kufanyia hivyo, kama MSI Afterburner, haiuzwi, hutolewa bure. Lakini tujiulize kwanza: punda huyu ni mvivu, au amechoka?

Kadi ya picha hula umeme, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Kadi ya mezani iitwayo RTX 4090 imepimiwa wati 450. Ndugu yake wa kompyuta ya mapajani, mwenye jina lile lile, hupewa wati 80 hadi 150, kwa kuwa ndani ya bati jembamba kama daftari hakuna nafasi ya kutoa joto zaidi. Hata hao wawili si mapacha: wa mezani ana viini 16,384 vya kukokotolea, wa mapajani ana 9,728. Jina ni moja, mizigo ni miwili.

Linaloumiza zaidi mfuko wa mnunuzi ni hili. Kadi ya RTX 4060 ya mapajani huweza kuwekwa na mtengenezaji wa kompyuta popote kati ya wati 35 na wati 115. Watu wawili wanaweza kununua jina moja, mmoja akapata nguvu zaidi ya mara tatu ya umeme anaopata mwenzake. Aliyepata ndogo atahangaika na mafundi mwaka mzima, na mashine yake haina ugonjwa wowote.

Basi, mashine ikikwama, tuanze na mambo mepesi. Je, imechomekwa kwenye chaja yake yenyewe? Betri haiwezi kuilisha kadi hiyo kikamilifu, na chaja dhaifu ya kuazima ni hivyo hivyo. Je, mchezo unatumia kadi yenyewe? Kompyuta nyingi za aina hii zina vichipu viwili vya picha: kimoja kidogo ndani ya prosesa kwa kazi za kuandika na kutazama filamu, na kadi kubwa kwa kazi nzito. Wakati mwingine mchezo huishia kwa yule mdogo, nawe ukalaumu mkubwa aliyelala.

Yakishindikana hayo, pima joto wakati mchezo unaendelea. Programu ya GPU-Z huonyesha nyuzi za joto, na pia sababu inayoizuia kadi isiende mbio: ni joto, au ni kikomo cha umeme. Kadi nyingi za mapajani hujipunguzia mwendo zikikaribia nyuzi 87. Katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa, ambamo hewa yenyewe ina nyuzi 30 na zaidi, safari ya kufika huko ni fupi.

Kama kizuizi ni joto, kukaza mwendo ni kumwaga mafuta motoni. Safisha vumbi kwenye feni. Inua nyuma ya mashine ipate kupumua. Usiiweke juu ya godoro. Ikiwa ni ya miaka kadhaa, mwambie fundi abadilishe ile dawa ya kupitishia joto iliyo kati ya kichipu na bomba la shaba. Kisha jaribu kinyume cha ushauri wa mtaani: punguza volti. Umeme unaoliwa huongezeka kwa mraba wa volti, hivyo ukipunguza asilimia 10 ya volti, kwa hesabu unaokoa karibu asilimia 19 ya umeme wa kazi. Kadi iliyopoa hukimbia mwendo uleule kwa muda mrefu.

Kama bado unataka kukaza, panda kidogo kidogo, megahezi 25 kila hatua, na cheza nusu saa kabla ya kupanda tena. Vidoa vya rangi, mistari, au kioo kuwa cheusi ghafla ni amri ya kurudi nyuma. Kumbukumbu ya kadi nayo ni ya hila: hugundua makosa yake na kurudia kutuma, kwa hiyo mchezo hauanguki, ila unazidi kuwa mzito. Usitazame kama imesimama tu. Hesabu picha kwa sekunde.

Mapema mwaka 2015 NVIDIA ilifunga njia ya kukaza mwendo katika kadi zake za mapajani. Wateja wakalalamika, na mwezi Februari mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba itaifungua tena. Wateja walikuwa na haki, kwani mali ni yao. Lakini haki ya kukaza mwendo huandamana na haki nyingine tusiyoidai vya kutosha: kuambiwa wati kabla ya kulipa.

Kwa hiyo, mzazi, ukifika dukani usiulize jina la kadi tu. Uliza imewekwa wati ngapi. Muuzaji akishindwa kujibu, fedha yako irudi nayo nyumbani.